Mama wa Kwenye Mafunjo

Nilipoolewa sikujua Kijaluo hata cha kuombea maji ya kunywa. Kwetu ni kule juu, upande wa Isebania, nchi ya nyasi na ng'ombe, na lugha yetu ni Kikuria. Mume wangu nilimpata kwenye mgodi wa shaba, bondeni Migori, nilikokuwa nikimsindikiza mama yangu kuuza maziwa na ndizi. Yeye alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe. Tulizungumza Kiswahili cha sokoni kwa kuwa hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja, na hadi leo sijui kama tungeoana iwapo tungekuwa na maneno mengi zaidi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Bendera ilikuwa bado mpya, na ziwa lilikuwa limekwisha kufura. Habari ya ziwa nilielezwa nilipofika kwao, kando ya maji upande wa Homa Bay. Miaka michache kabla yangu mvua ilinyesha hadi watu wakachoka hata kuizungumzia, maji yakapanda, yakala mashamba, yakala maboma ya chini, watu wakahamia kwenye mwinuko. Palipolimwa mtama pakaota mafunjo. Mimi niliyakuta yamekwisha kusimama, marefu kuliko mtu, nikadhani yalikuwa hapo tangu zamani zote.

Mume wangu aliniacha kwa mama yake akarudi mgodini, kama walivyofanya wanaume wengi wa kazi. Mama huyo alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Ujanani aliuza samaki kwenye gati la meli, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Alinipenda, hilo sina shaka nalo. Aliniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na mtaa mzima ukaniita hivyo hivyo. Baba mkwe alikuwa amefariki kabla sijaja. Mdogo wake, ambaye sote tulimwita baba mdogo, alikuwa amemrithi mama. Alikuja jioni chache, akala, akauliza habari za ng'ombe, akarudi kwa mke wake mwingine. Hayo hayakunishangaza, kwani hata kwetu mjane hakuachwa peke yake.

Lililonishangaza lilianza siku moja tukipura mtama uani. Mama aliniambia, bila kuinua macho, "Kesho sisi nakwenda kwa mama."

Nilijua mama mmoja tu wa kwendewa, naye alikuwa Isebania. Nikaona ninarudishwa kwetu. Nilianza kujihesabia makosa: ugali wangu ulikuwa laini mno kwao, nilikuwa nimevunja chungu, na tangu niolewe sikuwa nimepata mimba. Sikuthubutu kuuliza kosa ni lipi kati ya hayo. Asubuhi nilivaa gauni nililokuja nalo, nikafunga nguo zangu zote kwenye leso, nikatoka nayo kichwani.

Mama alinitazama. "Hiyo ya nini?"

"Si tunakwenda kwa mama?"

"Ndiyo. Kwa mama."

Basi nikaondoka na mzigo wangu. Yeye alibeba kikapu cha ugali, mboga na samaki wa kukaushwa. Njia ilipogawanyika, barabara kubwa ikipanda kushoto, yeye akashuka kulia, kuelekea majini. Nilisimama nikamwambia barabara iko kule. Akasema mama yuko huku. Nikamfuata nikijiuliza kama mama yangu, mwanamke aliyeogopa hata mto wa kwetu, amekuja kwa meli.

Ukingoni kulikuwa na mtumbwi mdogo umefichwa kwenye matete. Sikuwa nimewahi kupanda chombo cha majini. Nilikaa katikati, mzigo mapajani, mikono imeshika mbao za kando, na mama akasimama nyuma akiusukuma kwa upondo mrefu. Tuliingia kwenye mlizamu, njia nyembamba ya maji kati ya mafunjo. Maji yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Nilipogeuka kuangalia tulikotoka sikuona njia tena, mafunjo yalikuwa yamerudiana. Vindege vya manjano vilining'inia kwenye vichwa vya mafunjo vikipiga kelele, na zaidi ya hivyo sikusikia kitu ila upondo ukitoka kwenye tope.

Ghafla pakawa peupe. Mbele yetu ilisimama nyumba ya mbao. Ilikuwa juu ya nguzo nene, sakafu yake ikiyaacha maji kwa urefu wa mkono tu. Kuta zake zilikuwa za mbao zilizolaliana kama ubavu wa boti, nyufa zimezibwa kwa pamba na lami, na mabati yake yalikuwa mekundu kwa kutu. Kuizunguka, miti ya minyaa iliyokufa ilitokeza majini ikiwa myeupe kama mifupa. Niliitambua: ulikuwa ua wa boma. Hapo palikuwa nyumbani kwa mtu. Moshi mwembamba ulitoka dirishani.

Mlangoni alisimama mwanamke mzee, mrefu, mwembamba, amevaa gauni jeupe lililofuliwa hadi likachakaa. Mama alibaki nyuma akifunga mtumbwi. Mimi nilipanda ngazi nikasimama mbele ya mzee na mzigo wangu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu, akasema kitu kwa Kijaluo. Alipoona sielewi alitafuta Kiswahili, neno moja moja.

"Mtoto yangu iko mzima?"

Tangu niolewe kila mwanamke wa mwinuko ule alikuwa ameniuliza habari za mtoto, na kwangu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Niliinamisha kichwa nikajibu, "Bado, mama."

Akaweka mkono mdomoni. "Bado? Iko mgonjwa?"

Nilidhani anauliza kama ni mimi mgonjwa, ndiyo maana sishiki mimba. Nikamwambia sijui, labda ni mapema mno kusema. Hapo alikaa kizingitini akaanza kulia. Nami nilipomwona mzee nisiyemjua analilia tumbo langu, machozi yakanitoka. Mama alipopanda ngazi alitukuta tunalia sote. Aliulizana naye kwa Kijaluo, akanigeukia, akamgeukia tena, kisha akacheka hadi akashika ukuta. Mzee naye akacheka huku akijifuta macho. Mimi sikucheka, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kinachochekesha. Tulikula, wao wakazungumza mchana kutwa, na jua lilipoanza kushuka nilipanda mtumbwi na nguo zangu zote tukarudi nyumbani. Nilipomuuliza mama yule ni nani, alisema, "Si mama?" kama mtu anayeulizwa jina la jua.

Baada ya hapo tulikwenda mara nyingi, na kila safari ilinichanganya kuliko iliyotangulia. Nyumba ile ilikuwa safi. Mzee alikuwa na kitanda cha mbao, meza, Biblia iliyofungwa kwa kitambaa, kuku watatu waliolala chini ya kitanda, na sinia la udongo alilowashia moto. Kupitia nyufa za sakafu niliona samaki wa kamongo wakipita chini ya miguu yetu, wanene, wavivu. Aliwachoma mkuki akiwa amekaa kwenye ngazi. Hakuwa kichaa, maana aliuliza mambo kwa mpangilio na kukumbuka majibu. Nilijisemea labda ana ukoma, lakini vidole vyake vyote vilikuwepo. Nikafikiri malale, ule ugonjwa wa mbung'o tuliousikia kutoka Lambwe, lakini hakuwa mtu wa kusinzia. Basi kikabaki uchawi. Kwa safari kadhaa nilisema nimeshiba kila nilipopewa chakula, naye alinitazama nisivyokula akajaza sahani ya mwenzake.

Ila mchawi hacheki namna ile. Wale wawili walipokutana walikuwa kama wasichana waliotoroka kazi za nyumbani. Walisukana nywele, wakasutana, wakaimba nyimbo za kanisani na katikati wakaacha kubishana maneno. Siku nyingine waligombana, mama akarudi amenuna njia nzima, na kesho yake akaniambia nimsagie mzee unga laini kwa sababu fizi zinamuuma. Sikujua niuite urafiki au deni au woga. Kijaluo changu kilikuwa kinakua, lakini kwa maneno ya kuni, maji na chumvi, na mambo yao hayakuwa ya kuni, maji na chumvi.

Mume wangu alikuja likizo ya Krismasi. Nilimwacha apumzike, ale, asalimiwe na watu. Siku ya pili tulikuwa nyuma ya nyumba yetu, yeye akichonga mpini wa jembe, nikamuuliza.

"Yule wa kwenye mafunjo ni nani?"

"Mama."

"Na huyu wa hapa?"

"Mama."

"Aliyekuzaa ni yupi?"

Aliendelea kuchonga. "Yule," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema hakujua angeniambiaje, kwa Kiswahili wote ni mama, na kwa Kijaluo pia wote ni mama, na huyu wa hapa ndiye aliyemnyonyesha yeye wakati yule alipougua, kwa hiyo asingeweza kusema huyu si mama yake bila kusema uongo.

Kisha alinieleza mengine, taratibu, akirudi nyuma kila nilipopotea. Baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi. Yule wa kwenye mafunjo alikuwa mke wa kwanza, mikayi kama wanavyosema wao, na ndiye aliyejengewa nyumba ya mbao kwa ufundi wa boti. Huyu wa hapa alikuwa mke wa pili, akajengewa ya udongo. Baba alifariki, na si muda mrefu ziwa likapanda. Nyumba za udongo ziliyeyuka, watu wakahama. Lakini mjane hajengewi nyumba mpya hivi hivi. Lazima awepo mwanamume aliyemrithi, asimamishe nguzo ya kwanza. Mama wa pili alimkubali baba mdogo, akajengewa huku juu. Mikayi alikuwa ameshika dini, akasema aliolewa mara moja na inatosha. Wazee wakasema basi akae kwenye nyumba aliyo nayo. Walidhani nyumba itaanguka na yeye atalainika. Lakini baba alikuwa ameijenga vizuri mno. Ilisimama, na yeye akasimama nayo.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Fundi wa mashine hawezi kusimamisha nguzo?"

Alisema nguzo hiyo haisimamishwi na mtoto wa mjane, atakayefanya hivyo ataiingizia nyumba yake balaa, watoto hawatakaa. Nilimuuliza kama anaamini. Alisema haamini nusu ya mambo hayo, ila hajui ni nusu ipi. Alikwenda kumwona mama yake kabla ya likizo kwisha. Halafu akarudi mgodini.

Nilidhani kujua kutanitoa kwenye giza. Haikuwa hivyo. Sasa nilijua kisa chote na bado sikuelewa ni nani kati yao aliyekosea. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alimtumia mikayi sukari kupitia kwetu. Wazee hawakuwa wakatili. Mama wa juu alikuwa amefanya kila alichotakiwa, na mama wa kwenye mafunjo alikuwa amefanya kila alichoapa. Na matokeo ya watu wote hao wema yalikuwa mwanamke mmoja juu ya maji na kuku watatu.

Mvua za masika zilipokuja, maji yalipanda tena. Mama wa juu alisema goti linamuuma, hawezi kusukuma mtumbwi. Alifunga chakula akanipa kikapu. Nilimwambia sijawahi kwenda peke yangu. Akasema, "Nenda wewe. Wewe hujui kitu."

Neno hilo liliniuma njia nzima. Nilikuwa nimejifunza upondo kidogo, lakini nilipotea kwenye mlizamu mara kadhaa, nikagonga mafunjo, nikateremsha mguu nikatoka na ruba kwenye kifundo. Nilipofika, maji yalikuwa yamekwisha kupanda juu ya sakafu. Mzee alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja, kuku wako ndani ya tenga. Kando yake kulikuwa na furushi limefungwa vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumbembeleza kwa Kijaluo, nimeyarudia tangu ukingoni. Nilianza kuyasema. Kabla sijafika katikati alikuwa ameingia kwenye mtumbwi na tenga lake, akaniambia nikae vizuri nisije nikauzamisha. Akachukua upondo yeye mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa nikizunguka tu, akatupeleka nchi kavu.

Mchana ule tulipoingia uani, mama wa juu alikuwa ameketi kivulini akichambua maharage. Waliangaliana. Hakuna aliyeonyesha mshangao. Mimi ndiye niliyekuwa nikihangaika. Nilimkaribisha mzee kwenye nyumba yangu, akarudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. Sikujua kwamba kwao mama halali nyumbani kwa mwanawe. Nikasema basi alale kwa mama wa juu. Wote wawili walitikisa kichwa. Mke mwenza halali nyumba ya mwenzake. Nilisimama katikati ya ua na furushi la mtu mkononi, nguo zimeloa, nikaangalia kila mlango. Kulikuwa na mlango mmoja nilioingia na kutoka kila siku bila kuuliza mtu.

"Na jikoni?" nikauliza.

Mama wa juu aliendelea kuchambua maharage. "Jiko si nyumba," akasema.

Nilidhani ananikatalia. Mzee alikwisha kuelekea huko.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alikuja. Mtu alikuwa amempelekea habari. Aliketi, akakataa chai, akauliza kwa Kiswahili ili nielewe, "Nani amemleta?"

Nilisema ni mimi, ingawa upondo nilinyang'anywa. Akauliza nani alinituma. Nikasema nilitumwa kupeleka ugali. Akauliza kama sikujua yule ni mjane ambaye hajajengewa.

"Huyu hajui kitu," mama wa juu akasema. "Nyar Kuria tu."

Nilifungua kinywa kusema kwamba ninajua, kwamba mume wangu alinieleza yote wakati wa Krismasi. Kutoka jikoni mzee alikohoa. Nikafunga kinywa. Hadi sasa sijui kama alikohoa kwa moshi.

Wazee walikuja baadaye, wakaketi uani wakalizungusha jambo lile. Mmoja alitaka kujua kama lile jiko lina nguzo ya katikati. Halikuwa nayo. Mwingine aliuliza kama linapikiwa. Moto ulikuwa unawaka na chungu kilikuwa juu, maharage yanatokota. Walishauriana kwa sauti ndogo. Mwishowe mkubwa wao alisema wana njaa. Mama mkwe wangu, yule aliyemzaa mume wangu, aliwapakulia kutoka ndani ya jiko lile kwa mikono yake. Walikula, wakashukuru, wakaondoka. Baba mdogo aliondoka wa mwisho. Alisimama kidogo mlangoni pa jiko, akamsalimu mzee kwa heshima, naye akaitikia.

Jiko lilikandikwa upya, likaongezwa upande mmoja, likawekwa dirisha. Hakuna aliyeliita jina lingine. Kila siku moto ulilazimika kuwaka humo na chungu kukaa juu, hata kama kilikuwa na maji matupu, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Mume wangu alipokuja aliwakuta mama zake wawili wanabishana kuhusu chumvi. Alisimama mlangoni hajui kama anaruhusiwa. Mama yake akamwambia kwamba mwanamume akiwa na njaa huingia jikoni. Akaingia, akaketi kwenye kigoda, akala. Niliwaacha humo nikaenda kisimani, ingawa mitungi ilikuwa imejaa.

Aliishi nasi miaka mingi, na nilizaa watoto waliolelewa na bibi wawili. Kijaluo changu kilipokuwa kizuri cha kutosha nilianza kuuliza. Nilimuuliza mama wa juu kama ile siku aliponituma alikuwa amepanga. Alisema yeye hakupanga kitu, ni mwenzake aliyekuwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba mgeni asiyejua sheria ndiye atakayemtoa. Nilimuuliza mama wa kwenye mafunjo. Alicheka. Alisema yeye alikuwa tayari kufa kule, ni mwenzake aliyesema mpaka apatikane mtu wa kulaumiwa bila kudhuriwa. Mume wangu hadi anafariki aliwaambia watu kuwa wazo la jikoni lilikuwa la mkewe, na aliwaambia kwa fahari.

Nikijaribu kukumbuka vizuri, najua kwamba siku ile nilikuwa nimekwisha kuelezwa kila kitu. Nilijua nguzo, nilijua balaa, nilijua ni nani amekataa nini. Lakini nilipouona ule mlango wa jiko sikukumbuka hata moja la hayo. Niliona mzee amelowa, nikaona mahali pana moto. Kama huko ni kutojua, basi mama wa juu alisema kweli. Kama si kutojua, sijui kunaitwaje, na kwa lugha zangu zote tatu bado sijapata neno lake.